Saladi Yenye Kushibisha: Mboga za Lukozi Mezani pa Wakulima Wake

Lukozi, katika Wilaya ya Lushoto, ni miongoni mwa masoko ya mboga yanayofahamika sana katika milima ya Usambara Magharibi. Kabeji, karoti, viazi mviringo, nyanya, pilipili hoho na njegere hufikishwa hapo kutoka mabondeni na miteremkoni, hufungwa katika viroba na matenga, kisha hupakiwa katika malori yanayoshuka kwa njia ya Soni hadi Mombo na kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Baridi ya milimani, mvua na maji ya vijito vinavyomwagilia mabonde huwezesha mboga kulimwa karibu mwaka mzima.

Hata hivyo, wingi wa mboga shambani si dalili ya wingi wa mboga mezani. Katika kaya nyingi za wakulima, mboga huhesabiwa kuwa ni fedha kabla ya kuhesabiwa kuwa ni chakula. Zao zuri huenda sokoni, na jioni familia hula ugali mwingi ulioambatana na vijiko vichache vya mboga. Hali hii si ya Lushoto peke yake. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionesha kwamba zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi nchini Tanzania hawakufikisha kiwango cha mboga na matunda kinachopendekezwa kwa siku. Utafiti huo huo ulionesha kwamba takribani mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Mgonjwa wa shinikizo la damu au wa kisukari anapofika kliniki, huambiwa ale mboga kwa wingi. Ushauri huo ni sahihi, lakini mara nyingi huishia hapo. Mgonjwa hurudi nyumbani akiwa hajui wingi huo ni kiasi gani, na akiwa na hofu ya haki kwamba mtu aliyeshinda shambani na jembe hawezi kushiba majani. Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa saladi inayoshibisha, inayoweza kuwa mlo kamili wa familia au kuwa nusu ya mlo siku ya nyama choma, na namna ya kuhakikisha kwamba mboga mbichi hazileti maradhi ya kuambukiza wakati zinapokusudiwa kuzuia yasiyoambukiza.

Kwa nini kachumbari peke yake haishibishi

Saladi inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni kachumbari: nyanya, vitunguu, pengine tango na pilipili, ndimu na chumvi. Ni kiburudisho kizuri cha mlo, lakini kwa sehemu kubwa ni maji. Nyanya, tango na kabeji zina maji zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake. Mtu akila sahani nzima ya kachumbari atakuwa amepata vitamini na madini, lakini nishati kidogo mno na protini isiyotosha. Baada ya muda mfupi njaa itarejea, naye atahitimisha kwamba saladi si chakula.

Shibe hutokana na mambo kadhaa yanayofanya kazi kwa pamoja. La kwanza ni ujazo wa chakula tumboni, ambao mboga huutoa vizuri. La pili ni protini, ambayo huchelewesha kurejea kwa njaa kuliko wanga au mafuta. La tatu ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo tumbo haliimeng’enyi. Hizi hupunguza kasi ya chakula kupita na kasi ya sukari kuingia katika damu. La nne ni mafuta kiasi, ambayo huongeza nishati na ladha. Kachumbari ina jambo la kwanza tu. Kwa hiyo, saladi haishibishi kwa kuongezwa wingi wake, bali kwa kukamilishwa sehemu zake.

Sehemu nne za saladi iliyokamilika

Sehemu ya kwanza ni mboga zisizo na wanga mwingi: kabeji, karoti, pilipili hoho, nyanya, majani ya saladi, tango, koliflawa, maharage mabichi ya maganda. Hizi ndizo zijaze nusu ya bakuli. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Ikumbukwe kwamba viazi, mihogo na ndizi za kupika havihesabiwi katika gramu hizo, kwa kuwa hivyo huhesabiwa kuwa wanga.

Sehemu ya pili, robo ya bakuli, ni wanga: viazi mviringo, mahindi, ndizi za kuchemsha au viazi vitamu. Wanga ndio unaompa mkulima nguvu ya kazi, na hauna haja ya kuogopwa endapo kiasi chake kinajulikana. Viazi vilivyochemshwa kisha vikaachwa vipoe vina faida ya ziada: sehemu ya wanga wake hubadilika umbo na kuwa mgumu kumeng’enywa, hivyo sukari huingia katika damu polepole kuliko viazi vya moto au vilivyopondwa.

Sehemu ya tatu, robo iliyobaki, ni protini. Kwa bei na kwa upatikanaji, jamii ya kunde ndiyo inayofaa zaidi: maharage, njegere, kunde, choroko au dengu. Mayai ya kuchemsha, dagaa waliokaangwa kwa mafuta kidogo au vipande vya kuku vinaweza kuongezwa au kuchukua nafasi yake.

Sehemu ya nne haina robo yake, kwa kuwa huchanganywa na zote: mafuta kidogo pamoja na kitu kichachu. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kwa watu wawili, au kipande cha parachichi, kinatosha. Mafuta haya si ya ladha tu. Rangi ya njano ya karoti ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini hufyonzwa vizuri pale tu inapoambatana na mafuta. Ndimu au limau nayo ina kazi yake: vitamini C iliyomo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage, na uchachu wake hufanya chumvi kidogo ionekane kuwa inatosha.

Saladi tatu kwa mazao ya milimani

Saladi ya kwanza ni ya viazi, maharage na kabeji, nayo inafaa kuwa mlo wa mchana wa familia ya watu sita. Viungo vyake ni hivi:

- viazi mviringo kilo 1
- maharage makavu robo kilo
- kabeji gramu 500, yaani takribani nusu ya kabeji ya wastani
- karoti 4
- pilipili hoho 2
- nyanya 4
- kitunguu 1
- mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula
- ndimu 3
- chumvi nusu kijiko cha chai
- majani ya giligilani yakipatikana

Maharage hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea humwagwa, kisha huchemshwa katika maji mapya. Jambo moja lisipuuzwe: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na moto mkali pekee. Yanapaswa kutokota kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya moto kupunguzwa, kisha kuendelea kupikwa hadi yalainike kabisa. Maharage yaliyopikwa kwa moto hafifu tu, hata kwa muda mrefu, yanaweza kusababisha kutapika na kuharisha. Viazi huchemshwa na maganda yake, humenywa na kukatwa vikiisha kupoa. Kiazi chenye rangi ya kijani au machipukizi mengi hakifai kwa saladi wala kwa mapishi mengine, kwa kuwa nacho hujenga sumu isiyoondolewa kwa kuchemshwa.

Kabeji hukatwa nyembamba, hunyunyizwa chumvi ile ile iliyopimwa na kuminywaminywa kwa mikono safi hadi ilainike. Karoti hukwaruzwa, hoho, nyanya na kitunguu hukatwa vipande vidogo. Mafuta na maji ya ndimu hukorogwa pamoja na kumiminwa juu ya mchanganyiko wote. Kwa hesabu ya viungo hivi, kila mlaji hupata takribani gramu 250 za mboga, nishati ya kilokalori zipatazo 400, protini gramu 15 hivi, na zaidi ya nusu ya nyuzinyuzi anazohitaji mtu mzima kwa siku. Mtu mwenye kazi nzito anaweza kuongezewa yai, parachichi au kipande cha muhogo wa kuchemsha bila kuharibu uwiano.

Saladi ya pili hutokana na makande, chakula ambacho Wasambaa na majirani zao Wapare wanakifahamu vyema. Mahindi na maharage ni jozi kamili: upungufu wa protini ya mahindi hufidiwa na maharage, na wa maharage hufidiwa na mahindi. Makande yaliyopikwa yakaiva na kukaukiwa mchuzi hutandazwa kwenye sinia ili yapoe upesi. Kwa kila vikombe 4 vya makande yaliyopoa huongezwa vikombe vinne au vitano vya karoti, hoho, nyanya na kabeji zilizokatwa, kitunguu, ndimu, na kiganja kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa kidogo. Karanga hapa ndizo mafuta. Mahindi au karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, kwa kuwa zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi na ambayo huchangia saratani ya ini.

Saladi ya tatu inafaa kuambatana na nyama choma. Njegere vikombe 3 huchemshwa dakika chache hadi zilainike huku zikibaki na rangi ya kijani. Huchanganywa na kabeji na karoti zilizokatwa nyembamba, mayai 4 ya kuchemsha na parachichi 1 lililokatwa. Badala ya mayonezi, ambayo kwa sehemu kubwa ni mafuta, hutumika kikombe kimoja cha maziwa ya mgando yaliyokorogwa na maji ya limau na pilipili manga. Maziwa hayo yawe yamechemshwa kabla ya kugandishwa, kwa kuwa maziwa mabichi yanaweza kueneza homa ya kutupa mimba, yaani bruselosi, pamoja na kifua kikuu cha ng’ombe.

Mboga za asili kama mnavu, mchicha na mchunga zina virutubisho vingi, nazo zina nafasi katika saladi, lakini zisiliwe mbichi. Huchemshwa kwanza, hukamuliwa maji, hukatwa, kisha huchanganywa na nyanya, kitunguu na mafuta kidogo.

Usafi wa mboga mbichi

Faida zote zilizotajwa zinaweza kupotea kwa uzembe wa dakika moja. Mboga za mabondeni humwagiliwa kwa maji ya vijito ambamo watu huoga na kufua, na mifugo hunywa. Mahali ambapo vyoo havitoshi, mvua husomba kinyesi hadi mtoni na mashambani. Hivyo mboga mbichi zinaweza kubeba vimelea vya homa ya matumbo, kipindupindu, kuhara damu na amiba, pamoja na mayai ya minyoo ya tumbo.

Miongoni mwa minyoo hiyo, tegu wa nguruwe anastahili maelezo ya pekee kwa sababu watu wengi wanamwelewa isivyo. Wengi hudhani kwamba maradhi yake humpata mla nyama ya nguruwe pekee. Kweli, mtu hupata tegu mkubwa wa tumboni kwa kula nyama hiyo isiyoiva. Lakini mayai ya tegu hutoka katika kinyesi cha mtu huyo, na mtu mwingine yeyote akiyameza kupitia mboga, maji au mikono michafu, viluwiluwi vyake vinaweza kukaa katika ubongo na kusababisha degedege na kifafa. Maradhi haya yamethibitishwa katika maeneo ya Tanzania ambako nguruwe huachwa wakizurura, yakiwemo ya Mbulu na nyanda za juu kusini. Asiyewahi kuonja nguruwe maishani mwake anaweza kuugua. Kinga yake ni choo bora, mikono safi na mboga iliyooshwa.

Uoshaji sahihi unakwenda hivi. Kwanza, anayeandaa anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Pili, majani ya nje ya kabeji yaondolewe, na majani ya saladi yatenganishwe moja moja. Tatu, kila mboga isuguliwe chini ya maji yanayotiririka kutoka bombani au yanayomiminwa kwa jagi. Kuchovya mboga zote katika beseni moja huhamisha uchafu kutoka mboga moja kwenda nyingine. Nne, karoti, matango na viazi vimenywe baada ya kuoshwa, si kabla. Tano, suuza ya mwisho ifanyike kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotiwa dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Maji ya chumvi au ya siki, ambayo hutumiwa na wengi, hayaui mayai ya minyoo kwa uhakika. Kinachofanya kazi ni msuguo na maji mengi.

Pale ambapo maji salama ni haba, au mlaji ni mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu, njia bora ni kuzitumbukiza mboga katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha kuzipooza. Kabeji, karoti na maharage mabichi hubaki na ukakamavu wake, saladi huendelea kuwa saladi, na hatari hupungua sana. Wajawazito wana sababu ya ziada, kwa kuwa mboga zenye udongo zinaweza kubeba vimelea vya toksoplazma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Lipo pia suala la viuatilifu. Kila kopo la kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania huwa na maelezo ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Kuosha hupunguza mabaki ya nje, lakini hakuondoi kilichopenya ndani ya mmea. Kinga ya kweli ni kuheshimu siku hizo, na inamhusu mlaji wa Kariakoo sawasawa na mtoto wa mkulima mwenyewe.

Siku ya nyama choma

Katika sherehe, mahafali na mikutano ya familia, nyama choma hukaa katikati na saladi pembeni. Kiafya, ingefaa mpangilio huo ubadilike. Mwaka 2015 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, na nyama zilizosindikwa, kama vile soseji, katika kundi la vinavyosababisha. Hii haimaanishi kwamba nyama ni haramu kwa afya. Ina protini, madini ya chuma na vitamini muhimu. Inamaanisha kwamba kiasi kizingatiwe. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani hushauri kutozidi gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki, na si jambo geni mtu kumaliza kiasi hicho katika kikao kimoja.

Njia rahisi ni kuandaa saladi iliyokamilika na kuipakua kwanza, nyama ikiwa bado juu ya wavu. Wageni wanaoanza na mboga na kunde huifikia nyama wakiwa wameshiba nusu. Kwa mwenye kisukari, mpangilio huo una faida nyingine: kuanza na mboga na protini kabla ya wanga hupunguza kupanda kwa ghafla kwa sukari baada ya mlo.

Hatari kubwa ya siku hiyo ni mchanganyiko wa nyama mbichi na mboga zisizopikwa. Mara nyingi gogo na kisu vilivyokatia nyama mbichi ndivyo hukatia nyanya za kachumbari. Nyama itapita motoni na vijidudu vyake kufa. Kachumbari haitapita popote. Kwa hiyo kibao na kisu cha mboga viwe vyake, mboga ziandaliwe kabla ya nyama, na sinia lililobeba nyama mbichi lisirudishwe mezani na nyama iliyoiva kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Anayegeuza nyama asiguse bakuli la saladi kabla ya kunawa.

Muda nao ni kiungo. Chakula kilichopikwa, zikiwemo kunde, viazi na mayai ya saladi, hakifai kukaa zaidi ya saa mbili bila kuwekwa katika jokofu. Baridi ya Lukozi isimdanganye mtu: hali ya hewa inayomlazimisha kuvaa sweta bado ni joto la kutosha kwa vijidudu kuzaliana. Ni heri mboga na kunde ziandaliwe katika vyombo tofauti vilivyofunikwa, na kuchanganywa wageni wanapokaribia kula.

Wagonjwa wenye mahitaji ya pekee

Mwenye shinikizo la juu la damu aangalie chumvi kwanza. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Vidonge vya mchuzi na viungo vya pakiti vina chumvi nyingi iliyojificha. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na giligilani vinaweza kushika nafasi yake.

Mwenye kisukari apakue viazi au mahindi yasiyozidi ukubwa wa ngumi yake, na aongeze maharage na kabeji kadiri ya njaa yake. Anayetumia sindano ya insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asipunguze wanga ghafla bila kuzungumza na mtoa huduma, kwa kuwa dozi yake inaweza kuhitaji kurekebishwa.

Mwenye ugonjwa wa figo uliofikia hatua kubwa huenda akakatazwa vyakula vyenye potasiamu nyingi, vikiwemo viazi, maharage, nyanya na parachichi. Kwake yeye saladi zilizoelezwa hapa hazifai kuliwa kabla ya ushauri wa daktari wake. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo wafarini halazimiki kuacha mboga za majani, bali ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kupunguza ndimu, pilipili na kitunguu kibichi iwapo vinamletea maumivu.

Mwenye upungufu wa damu asisindikize mlo huu na chai wala kahawa, kwa kuwa vinywaji hivyo huzuia kufyonzwa kwa madini ya chuma. Inafaa asubiri angalau saa moja. Watoto wadogo wasipewe vipande vigumu vya karoti mbichi wala karanga nzima, vinavyoweza kuwakwama kooni. Karoti ichemshwe au ikwaruzwe laini, na karanga zisagwe.

Kwa mhudumu wa afya

Ushauri wa lishe hufanikiwa unapogusa maisha ya anayeshauriwa. Kabla ya kumwambia mgonjwa ale mboga, maswali matatu yanaweza kumwongoza mhudumu. Jana familia ilikula mboga mara ngapi, na kiasi gani? Nani nyumbani hupika, na nani huamua kipi kiuzwe na kipi kibaki? Maji ya kuoshea mboga hutoka wapi? Swali la pili lina uzito wa pekee katika jamii ya wakulima wa mboga, kwa kuwa mara nyingi anayehudhuria kliniki siye mwenye kauli juu ya mavuno. Yafaa kumwalika mwenzi wake katika mazungumzo hayo.

Hesabu ndogo husaidia kuondoa hofu ya hasara. Familia ya watu sita, ikitumia gramu 250 kwa kila mtu katika mlo mmoja, huhitaji kilo moja na nusu ya mboga kwa siku. Kwa mkulima anayefunga viroba kadhaa kwa msimu, hicho ni kiasi kidogo. Zaidi ya hayo, karoti iliyopinda, kabeji ndogo na nyanya isiyo na umbo zuri, ambazo mchuuzi huzikataa, zina virutubisho vile vile maadamu hazijaoza. Familia inaweza kushauriwa kutenga fungu la nyumbani kabla kiroba hakijafungwa, badala ya kusubiri kuona kitakachobaki.

Mahali panapofaa kwa mafunzo haya ni pale watu wanapokutana tayari: kliniki za wajawazito na watoto, vikundi vya wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari, na ziara za wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kuonesha bakuli moja likiandaliwa, kuanzia kunawa mikono hadi kupakua, hukumbukwa kuliko orodha ndefu ya makatazo.

Mgonjwa aelezwe pia dalili za kumrudisha kituoni bila kuchelewa: kuharisha kwingi kama maji ya mchele, kinyesi chenye damu, homa ya siku kadhaa inayoambatana na maumivu ya tumbo, au degedege kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nalo. Kwa mwenye kuharisha, maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari maalumu, yaani ORS, yaanze kutolewa nyumbani wakati safari ya kituoni ikiandaliwa, na mtoto aendelee kunyonya.

Kwa muhtasari, saladi iliyokamilika ina nusu mboga, robo wanga, robo protini, mafuta kidogo na uchachu wa ndimu. Huandaliwa kwa mikono na maji safi, na huliwa ndani ya saa mbili. Familia isiyoizoea inaweza kuanza na mlo mmoja kwa wiki na kuongeza taratibu. Viungo vyake vyote hupatikana Lukozi, na vingi kati yake tayari vimo shambani mwa anayevihitaji.